Kiti Kinachokimbiwa na Watu Wema





Kila baada ya miaka mitano nchi yetu humchagua Rais, wabunge na madiwani. Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua pia viongozi wa serikali za mitaa na vijiji. Chaguzi hizo huja na bendera, vipaza sauti na nyimbo, na hata asiyependa siasa huzisikia zikipita mlangoni pake. Upo, hata hivyo, uchaguzi mwingine usio na bendera wala kipaza sauti. Tangazo lake huandikwa kwenye kipande cha karatasi, akapewa mtoto apeleke nyumbani, na mara nyingi karatasi ile huishia ndani ya daftari. Huo ni uchaguzi wa wawakilishi wa wazazi katika Kamati ya Shule ya Msingi, na juma hili tunataka tuutafakari.

Wengi wetu hapa Shanwe tunajua jinsi unavyokwenda. Mkutano umeitwa saa tatu asubuhi. Hadi saa tano wamefika wachache, wengi wao akina mama. Mwalimu mkuu anasoma taarifa yake. Kisha linaulizwa swali: nani anapendekezwa? Kimya. Mmoja anatajwa, anasimama na kuomba asamehewe kwa sababu ana shughuli nyingi. Wa pili anasema afya yake si nzuri. Wa tatu hayupo mkutanoni, na kwa kuwa hayupo hawezi kukataa, basi anachaguliwa yeye. Mikono inainuliwa haraka haraka kwa maana jua limekwisha kuwa kali, na kamati imepatikana.

Tunacheka tukisimulia hayo, lakini si jambo la kuchekesha. Hoja yetu leo ni moja: kiti kinachokimbiwa na watu wema hakibaki kitupu. Atakikalia mtu. Na mtu huyo, awe mzembe au mwenye tamaa, ndiye atakayesimamia fedha, chakula na usalama wa watoto wetu kwa miaka kadhaa.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu na kuwapigia kelele watu wa Shekemu, akiwasimulia habari ya miti iliyotaka kumpata mfalme. Miti ikauendea mzeituni, nao ukakataa kwa kuwa haukutaka kuyaacha mafuta yake. Ikauendea mtini, nao ukakataa kwa ajili ya utamu wa matunda yake. Ikauendea mzabibu, nao ukakataa kwa ajili ya divai yake. Mwishowe ikauendea mti wa miiba, na mti wa miiba haukukataa. Tuangalie vizuri, wapendwa: miti ile mitatu haikuwa mibaya. Kila mmoja ulikuwa na kazi nzuri ya kufanya, na kila mmoja ulitoa sababu ya kweli. Ubaya ulikuja kwa njia ya udhuru wa wema.

Kamati ya Shule ni kitu gani?

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inataka kila shule ya msingi ya umma iwe na Kamati ya Shule. Kwa shule za sekondari kuna bodi, ambayo wajumbe wake kwa sehemu kubwa huteuliwa na mamlaka za juu. Ni kwenye shule ya msingi hasa ambapo mzazi wa kawaida, mkulima au mama lishe, anaweza kusimama mbele ya wazazi wenzake, akachaguliwa kwa mikono yao, na kuketi meza moja na mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati.

Kwa miaka mingi kamati hizi zilikuwa jina tu. Mambo yalibadilika Serikali ilipofuta ada za shule za msingi na kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006. Idadi ya watoto wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Fedha zilianza kufika shuleni, na kamati zikapewa kazi ya kupanga matumizi na kusimamia ujenzi. Baadaye ulitoka Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioleta elimumsingi bila malipo kuanzia Januari 2016, na fedha zikawa zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule.

Tupige hesabu kidogo, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpango ule ulipoanza, ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikienda shuleni. Shule yenye watoto 1,000 ilipaswa basi kupata shilingi 6,000,000 kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, yote humo. Ni fedha kidogo kwa mahitaji ya shule, na kwa sababu ni kidogo, kila shilingi inayopotea inaonekana kwa mtoto.

Tena zipo fedha zinazokuja kwa mkupuo. Mwaka 2021, kwa mkopo wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Baadaye ukaja mradi wa BOOST kwa shule za awali na msingi. Ujenzi wa namna hii mara nyingi haupewi mkandarasi mkubwa. Shule yenyewe hununua vifaa na kutafuta mafundi, na wanajamii huingia katika kamati ndogo za manunuzi, mapokezi na ujenzi. Mjumbe anayepokea mifuko ya saruji anapaswa kuihesabu. Asipohesabu, akatia sahihi kwa heshima ya aliyemletea kalamu, ukuta utakuja kumshuhudia.

Hapa kwetu mzigo ni mzito zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliokuwa umezaliwa mwaka huo huo. Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,152,958. Katika miaka kumi tumeongezeka maradufu na zaidi. Wamekuja wafugaji na wakulima kutoka mikoa mingine, na wamezaliwa watoto wengi. Watoto hao wanahitaji madawati, matundu ya vyoo na walimu. Nani atakayesema kwa niaba yao, kama si mzazi wao?

Jambo zito kuliko saruji

Ingekuwa ni fedha tu tungeweza kusema wakaguzi wapo. Lakini lipo jambo ambalo mkaguzi haji kulitazama, nalo ni binti zetu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Katavi wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au walikuwa wajawazito. Kwa taifa zima walikuwa 27. Hakuna mkoa uliotuzidi mwaka ule. Tangu hapo hatua nyingi zimechukuliwa. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ajili ya uzazi kurudi shuleni. Sheria tunayo, na mlango wa kurudia tunao.

Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja mwenye moyo mahali penyewe. Tunaifahamu desturi ya kumalizana nyumbani. Binti anaacha kuonekana darasani, familia mbili zinakaa, zinatajwa ng'ombe au fedha, shahidi anasafiri ghafla, na kesi inakufa kabla haijaandikwa. Mwalimu ni mgeni. Amepangiwa kituo hapa, anaogopa, na kesho anaweza kuhama. Mjumbe wa kamati si mgeni. Anaijua njia anayopita binti, anamjua mwenye pikipiki anayempa lifti, anajua ni nyumba ipi amelala mtoto aliyepanga chumba peke yake kwa sababu kwao ni mbali. Kamati yenye watu watatu wa namna hiyo, wanaosoma daftari la mahudhurio kila mwezi na kwenda kuuliza nyumbani kabla wiki ya pili haijaisha, inaweza kufanya kazi ambayo hakuna waraka unaoweza kuifanya.

Hebu tujiulize kwa unyofu: katika mkutano ule wa saa tano, tulipoinua mikono haraka ili tuwahi kuondoka kwenye jua, je, tulimfikiria binti huyu?

Litajwe na suala la chakula. Mkoa wetu unalima mahindi, mpunga na karanga hata kulisha wengine, na bado wapo watoto wanaoshinda shuleni na njaa. Ada ilipofutwa, chakula kilibaki kuwa wajibu wa wazazi, kwa makubaliano yao wenyewe. Makubaliano hayo huvunjika si kwa sababu wazazi hawana debe la mahindi, bali kwa sababu hawamwamini mwenye ufunguo wa stoo. Wachague watu wanaowaamini, na debe litatoka.

Udhuru tunaousikia

Wako wanaosema: kamati haina nguvu, mambo yote yameamuliwa juu. Ni kweli kwa sehemu. Kamati haiajiri mwalimu, haimhamishi, wala haitungi mtaala. Walakini inajadili mpango wa shule na bajeti, inafuatilia matumizi, inaangalia mahudhurio ya watoto na ya walimu, na inapaswa kuwapa wazazi taarifa. Kanisa linafundisha kanuni ya auni, iliyoelezwa waziwazi na Papa Pius XI mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno: kile kinachoweza kufanywa na walio karibu, kisinyakuliwe na walio juu. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili ambao hatupendi kuukumbuka. Walio karibu wasipofanya, walio juu watafanya kwa namna yao, na hatutakuwa na mdomo wa kulalamika.

Wengine wanasema: hakuna posho. Ni kweli, na hatudhani ni vibaya kwamba hakuna. Kiti kisicho na posho humchuja mtu. Wajibu wa mjumbe hata hivyo usimfukarishe. Wazazi wenzake wanaweza kumlimia nusu siku wakati yeye anasimamia upakuaji wa matofali. Hilo tunalifanya kwa ajili ya msiba. Haishindikani kulifanya kwa ajili ya shule.

Wengine wanasema mikutano huitwa wakati mbaya. Hapo tunakubaliana nao. Mkutano wa uchaguzi unaoitwa kati ya Novemba na Februari, mvua ikiwa imeshika na watu wamehamia mashambani, si mkutano wa wazazi wote. Tunawaomba kwa heshima walimu wakuu na watendaji wauweke wakati watu wapo, na tangazo litolewe juma zima kabla, misikitini, makanisani na sokoni.

Wako na wanaosema: sisi ni Wakatoliki, shule ile si yetu. Hapa turudi nyuma kidogo. Wamisionari wa Afrika walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na misheni ilikotia mzizi, shule ilifuata. Kisha, kwa sheria ya mwaka 1969, Serikali ilizitwaa shule nyingi za mashirika ya dini ziwe za wote. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inalipatia dhehebu lililofadhili shule viti vitatu katika bodi yake, pamoja na wawakilishi sita wa wazazi. Kwetu Tanzania, katika shule ya umma, Kanisa halina kiti hata kimoja. Hatusemi hili kwa kunung'unika. Tunalisema ili ieleweke kwamba Mkatoliki anaingia katika Kamati ya Shule kwa mlango mmoja tu, mlango wa mzazi. Asipoingia yeye, hakuna padre atakayeingia kwa niaba yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mlezi mkuu hawezi kumtuma mtoto akamwakilishe kwa karatasi.

Tahadhari moja

Tukisema hivi hatutaki mtu asikie kwamba parokia ina wagombea. Haina, na haitakuwa nao. Kwenye dawati moja hapa Shanwe wanakaa mtoto Mkatoliki, Mwislamu, Mpentekoste na yule ambaye kwao hawana dhehebu. Mfipa, Mbende, Mkonongo, Msukuma na Muha. Pamoja na mtoto ambaye babu yake alikimbia Burundi mwaka 1972 na ambaye wazazi wake walipata uraia mikononi miaka mingi baadaye. Jumuiya Ndogo Ndogo isiende mkutanoni kama kikosi kilichopangiwa jina la kupigia kura. Tukifanya hivyo, wengine nao watajipanga, na mtoto atasahaulika katikati.

Mfano tunao wa mbali. Marekani, bodi za shule za wilaya kwa kawaida huchaguliwa na wananchi, nazo zina mamlaka makubwa kuliko kamati zetu: huajiri msimamizi mkuu wa shule na kupitisha bajeti nzima. Na bado wapiga kura huwa wachache mno. Basi mwaka 2021, mabishano kuhusu barakoa na mitaala yalipopamba moto, mikutano ya bodi nyingi iligeuka uwanja wa mapambano ya vyama, watu wakatukanana na wengine wakatishwa. Kiti kilichoachwa wazi na wapole kilionekana na wenye hasira. Somo kwetu ni kwamba uwezo wa kisheria peke yake hauleti kamati njema. Kamati njema huletwa na watu wanaofika bila kusubiri ugomvi uwaite.

Basi tumchague nani?

Musa aliposhauriwa na mkwewe Yethro kutafuta wasaidizi, habari tunayoisoma katika Kutoka 18, aliambiwa awatafute watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wakweli, na wanaochukia mapato ya udhalimu. Hakuambiwa awatafute wasemaji hodari. Kwa kufuata njia hiyo, tunapendekeza mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, awe na mtoto au mjukuu katika shule hiyo, au aonekane kuijali kweli kabla ya kutafuta cheo. Anayeingia shuleni siku ya uchaguzi kwa mara ya kwanza, mwacheni aendelee kuwa mgeni.

Pili, awe anajua kusoma hesabu, au awe jasiri wa kuuliza asichokielewa. Wa pili mara nyingine ni bora kuliko wa kwanza. Mama anayeuza mchele sokoni anaijua bei ya nondo akiiulizia asubuhi moja.

Tatu, asiwe na duka la vifaa vya ujenzi, lori la mchanga au ndugu fundi anayemtafutia kazi. Kama anavyo, basi aseme wazi mbele ya mkutano na asiguse manunuzi.

Nne, wawepo wanawake, na si mmoja tu wa kutimiza hesabu. Binti mwenye shida hatamwendea mzee wa mtaa. Atamwendea mama anayemwamini.

Na baada ya kuchagua tusiende kulala. Tuulize taarifa ya mapato na matumizi kila muhula, tuombe ibandikwe ukutani, na tuisome. Tumwambie mjumbe ahsante anapofanya vema, maana wengi huchoka si kwa kazi bali kwa upweke.

Wapendwa, mzeituni, mtini na mzabibu wapo kati yetu. Tunawaona Jumapili: mtunza hazina wa jumuiya ambaye daftari lake halijawahi kupungua shilingi, mama wa WAWATA anayekumbuka jina la kila mtoto, mwalimu mstaafu anayelima karanga na kukaa kimya. Kila mmoja wao ana sababu ya kweli ya kukataa. Tunawaomba, safari hii, karatasi itakapotoka kwenye daftari la mtoto, waisome, waje mapema, na jina lao likitajwa wabaki wameketi. Wasisimame kuomba wasamehewe.